Mguu ulionyooka ukarudi kupinda: kisa cha mtoto wa Tongoni

Kwenye faili za watoto wenye mguu kifundo, yaani waliozaliwa wayo umegeukia ndani, kuna sentensi fupi inayojirudia kila mguu uliokwishanyooka unapoanza kupinda upya: "Mama hakuzingatia maelekezo ya viatu." Viatu hivyo ni vya kuushika mguu usirudi baada ya plasta. Ikishaandikwa sentensi hiyo, mjadala umekwisha. Kosa limepata mwenyewe, mtoto anarudishwa kwenye plasta. Kisa ninachokieleza hapa kingeweza kufungwa kwa sentensi hiyohiyo, na ingekuwa uongo. Nakieleza kwa urefu kwa sababu wakunga, wauguzi na wenzangu wa fiziotherapia hapa Tanga na kwingine pwani wanakutana na watoto kama huyu, na kwa sababu wazazi wengi bado wanaamini kazi imekwisha siku hogo la mwisho la plasta linapotolewa. Majina nimeyaacha, na mambo machache yanayoweza kuitambulisha familia nimeyabadilisha.

Mtoto alivyotufikia

Ni mtoto wa kiume, wa kwanza kwa mama yake, mimba ilitimia na alizaliwa salama kwenye zahanati upande wa Tongoni, barabara ya Pangani. Mguu wa kushoto haukuwa na neno. Wa kulia ulikuwa umegeukia ndani, wayo ukiutazama mguu mwenzake, kisigino kimepanda juu, vidole vinaelekea chini. Aliyemzalisha aliuona, akasema mtoto alibanwa tumboni, mguu utanyooka wenyewe.

Maelezo hayo yana ukweli kwa baadhi ya watoto. Ipo miguu inayopinda kwa mkao wa tumboni tu, na mingi hurudi yenyewe. Tofauti inajulikana kwa mkono: mguu wa namna hiyo ukiusukuma taratibu unakuja wote mpaka mkao wa kawaida, kisigino nacho kinashuka. Mguu kifundo hauji. Unasogea kidogo, kisha unagoma, na ukigusa kisigino unahisi nyama tupu, kwa sababu mfupa wenyewe umevutwa juu. Kipimo hiki hakitaki mashine wala hakimalizi dakika. Kila anayezalisha angekifanya kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, wengi wa watoto hawa wangeanza matibabu ndani ya wiki mbili za mwanzo, wakati mguu bado mlaini kabisa.

Nyumbani kulikuwa na bibi mzaa baba, ambaye ndiye moyo wa kisa hiki. Ni mchuaji. Wanawake wa pale wakijifungua hukandwa naye, na watoto wao huwanyoosha viungo. Mjukuu wake alimchua kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, akiuvuta ule mguu polepole mpaka unapotaka kukubali, akiuachia unarudi. Wapo wenzangu wanaowafokea wakina bibi kwa jambo hili. Mimi sioni sababu. Mikono ya bibi huyu ni mipole, mtoto hakuumizwa, na alichokuwa akikifanya kina nusu ya ukweli: mguu kifundo hunyooshwa kwa mkono. Nusu iliyobaki ni kuushika pale ulipofika, usiku na mchana, wiki nzima, mpaka nyama na kano zilizovutwa zikubali urefu mpya. Mkono wa binadamu hauwezi hilo. Plasta inaweza.

Arobaini ilisubiriwa iishe. Katika siku hizo maneno ya jirani yalishamfikia mama: kwamba alitoka nje mwezi ulipopatwa, kwamba wakati wa ujauzito alimcheka mtu kiwete. Aliyabeba mpaka kliniki kwetu, akayatoa kwa sauti ya chini baada ya bibi kutoka nje kidogo. Tulimjibu bila kuzunguka. Mguu kifundo humpata takriban mtoto mmoja hadi wawili katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, wa kiume mara mbili zaidi ya wa kike, na karibu nusu yao hupata miguu yote miwili. Hutokea Ulaya, hutokea China, hutokea Tongoni. Urithi una sehemu yake, na hakuna alichokula mama, alichokitazama wala alichokicheka kinachougeuza mguu wa mtoto. Nilirudia maneno hayo bibi aliporejea, makusudi, ayasikie naye.

Kabla ya kuja kwetu walipitia kituo kimoja cha tiba, mtoto akafungwa hogo lililoishia chini ya goti. Siku ya tatu lilikuwa limeteleza, vidole vimezama ndani havionekani, mtoto analia bila kunyamaza. Baba alilikata kwa kisu. Kisigino cha mtoto mchanga mwenye mguu kifundo ni kidogo na kimejificha, hakuna cha kulizuia hogo lisivuke, na mguu wa chini unazunguka ndani yake bila kizuizi. Ndiyo maana hogo la mguu kifundo lazima lifike kwenye kinena, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Lililoishia chini ya goti halinyooshi kitu, na linaweza kuumiza.

Alipofika kwetu alikuwa na wiki tisa. Tulimvua nguo zote, kwa sababu mguu uliopinda unaweza kuwa dalili ya jambo jingine: tukapitisha kidole mgongoni kutafuta uwazi au kishungi cha nywele, tukazungusha nyonga, tukafungua viganja. Kote kulikuwa kuzuri. Mguu wa kulia tuliupa alama 5.5 kati ya 6 kwa kipimo cha Pirani. Kipimo hicho kimetokana na kazi ya Shafique Pirani, daktari wa mifupa mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kanada. Kinatazama mambo sita, matatu ya katikati ya wayo na matatu ya nyuma, kila moja likipewa 0, 0.5 au 1. Uzuri wake ni kwamba watu wawili wakiupima mguu mmoja watakaribiana, na mama anaweza kuonyeshwa kwenye karatasi namba ikishuka wiki hadi wiki. Kwa mama aliyechoka nauli, karatasi ile ina kazi kubwa.

Njia yenyewe

Tunayoitumia ni njia ya Ignacio Ponseti, daktari aliyezaliwa kisiwa cha Menorca, Hispania, mwaka 1914, akahamia Marekani na kufanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa. Alikuta watoto wengi wakipasuliwa. Alipowatazama waliopasuliwa miaka ya nyuma, akaona miguu iliyokaa sawa kwa macho lakini imekakamaa, dhaifu, yenye maumivu. Akaunda njia yake mwishoni mwa miaka ya 1940, akachapisha matokeo yake mwaka 1963, na kwa zaidi ya miaka 30 madaktari wengi wakaipita bila kuitazama. Iliinuka miaka ya 1990, kwa sehemu kwa sababu wazazi walianza kuambizana kwenye intaneti. Kwangu hili ni jambo la kuhuzunisha. Njia inayotaka maji, pamba, plasta, kisu kidogo na mikono iliyofunzwa, njia iliyofaa nchi kama yetu kuliko nyingine yoyote, ilikaa kabatini wakati vizazi vya watoto vinakua vikitembelea migongo ya miguu. Malawi na Uganda zilionyesha baadaye kwamba si lazima awe daktari bingwa. Maofisa tabibu na watu wa fiziotherapia wakifunzwa vizuri wanainyoosha miguu hii vilevile.

Siri yake ipo kwenye mfupa mmoja, talasi, unaokaa juu kabisa ya wayo na kubanwa na kifundo. Huo hausogei. Mifupa mingine ya wayo, pamoja na wa kisigino, huzunguka chini na mbele yake kama mlango kwenye bawaba. Dole gumba la mtibu hukaa upande wa nje, juu ya kichwa cha talasi, likaishikilia. Mkono mwingine hupeleka wayo wote nje, taratibu, ukiwa bado umelala kiupande. Kisigino hakiguswi. Kikiachwa huru kinajigeuza chenyewe. Kabla ya Ponseti, Mmarekani Hiram Kite alinyoosha kwa plasta pia, lakini kizuizi chake alikiweka mbele ya kisigino kwenye ukingo wa nje, na hapo kisigino hakikupata nafasi ya kuzunguka. Watoto walikaa kwenye plasta miezi na miezi. Mpaka leo kosa hilo linafanyika, na linaitwa kwa jina lake. Tofauti ya mahali dole gumba linapokaa haizidi upana wa kidole.

Plasta

Mtoto alishibishwa kwanza. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akiendelea kumnyonyesha, bibi akashika paja, mimi nikashika wayo, mwenzangu akaviringisha. Pamba nyembamba sana, maana pamba nene humpa mguu nafasi ya kurudi. Kisha plasta, kutoka vidoleni mpaka chini ya goti, ikafinyangwa kwa viganja kuzunguka kisigino na kifundo huku vidole vyangu vikihamahama ili visiache shimo. Ilipoanza kushika ndipo ikapandishwa mpaka kinena.

Hogo la kwanza humshangaza kila mzazi kwa sababu mguu unaonekana umezidishwa kupinda. Wayo wa mguu kifundo una upinde uliokunjika ndani, mfupa wa kidole kikubwa ukiwa umeshuka kuliko wenzake, na huo ndio unaonyooshwa mwanzo, kwa kuuinua. Mpaka sehemu ya mbele ilingane na ya nyuma, hakuna kinachoweza kupelekwa nje. Bibi aliona mara moja. "Mwanangu, mbona wauzidisha? Mie nilikuwa naupeleka huku," akasema, akionyesha kwa kiganja chake mwenyewe, wayo ukilazwa chini na kugeuzwa nje kwa mpigo mmoja.

Nikamwomba aweke dole gumba lake pale lilipokuwa langu. Akapapasa, akakiona kichwa cha talasi kimejitokeza chini ya ngozi, kama alivyokuwa akikihisi kila siku alipomchua bila kujua ni nini. Nikamwonyesha kwamba mguu ukilazwa kwa nguvu kama alivyoonyesha, unavunjika njia katikati, upinde unazidi na kisigino kinabaki juu. Akafanya tena, polepole, akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kwa shaka. Aliuliza kwa kutaka kujua.

Maelekezo ya nyumbani ni mafupi. Mguu uwekwe juu ya nguo iliyokunjwa, nepi isifike kwenye plasta, vidole vitazamwe mara nyingi: ukikibonyeza kidole kinakuwa cheupe na wekundu unarudi mara ukiachia. Vikiwa vya bluu, vimevimba, au vikianza kuzama ndani, rudi siku hiyohiyo, usisubiri tarehe. Hogo hulowekwa na kufunguliwa kliniki, siyo nyumbani asubuhi, kwa sababu saa chache za mguu kuwa wazi zinatosha kuurudisha nyuma. Hapo kwenye beseni ndipo mtoto anapooga mguu wake mara moja kwa wiki, na ndipo unapoona furaha ya mtoto.

Wiki zilizofuata zilikwenda vizuri na hazina mengi ya kusimuliwa. Kila wiki wayo ulisogea nje zaidi, alama ikashuka. Baada ya mahogo matano wayo ulikuwa umefika nyuzi 70 kwenda nje, kichwa cha talasi kimefunikwa, kisigino kimejigeuza. Kilichobaki ni kisigino kukataa kushuka.

Katika sehemu kubwa ya miguu hii, minane au tisa kati ya kumi katika vituo vingi, kano nene ya nyuma ya kisigino haikubali kunyooshwa kwa plasta, na ukiilazimisha unauvunja wayo katikati ukawa kama chini ya mtumbwi. Inakatwa. Ni ganzi ya sindano, kisu kidogo, tundu dogo juu kidogo ya kisigino. Unahisi kano ikiachia, na mguu unapanda nyuzi 15 au zaidi palepale. Hakuna mshono. Hogo la mwisho linakaa wiki tatu, na katika wiki hizo kano inajiunga upya, ikiwa ndefu zaidi.

Kuieleza ni rahisi kuliko kukubaliwa. Mtaani "kukatwa mshipa" ni kufanywa kilema. Baba alikuwa dago, kwenye kambi za uvuvi, na wavuvi wenzake wakihama kisiwa hadi kisiwa, na mama hakutaka kukubali jambo hili bila yeye. Hatukumsukuma. Tulifunga hogo jingine la kushikilia, simu ikapigwa usiku mtandao ulipopatikana, na bibi ndiye aliyemweleza mwanawe. Nilimsikia akisema, "Kano itaota, nimeuliza mie mwenyewe." Wiki iliyofuata ikakatwa. Mtoto alilia chini ya dakika moja, akalala kifuani.

Viatu, na usiku

Hogo la wiki tatu lilipotolewa, mguu ulikuwa mzuri wa kupendeza. Hapo ndipo penye hatari. Nguvu iliyoupinda mguu tumboni haijafa. Inaendelea kuvuta miaka ya mwanzo ya utoto, na inavuta zaidi mtoto anapokua kwa kasi. Kinachoishika ni jozi ya viatu vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma, upana wake ukilingana na mabega ya mtoto. Tunatumia aina iliyobuniwa Uganda na Michiel Steenbeek, ya ngozi na chuma cha kawaida, ambayo fundi wa hapahapa anaweza kuitengeneza. Kiatu cha mguu uliotibiwa hutazama nje nyuzi 70, cha mguu mzima nyuzi 40. Miezi mitatu ya kwanza huvaliwa saa 23 kwa siku. Baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana, mpaka mtoto afikishe miaka minne au mitano.

Miezi mitatu ya kwanza mama aliitimiza bila dosari. Tunajua kwa sababu mguu haukusogea hata kidogo na ngozi ya kisigino ilikuwa na alama ya kiatu kilichokaa mahali pake. Tukampa ratiba ya usiku, tukampa tarehe baada ya miezi mitatu, na tulipomwona tena mambo yalikuwa bado sawa. Tarehe iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja.

Alirudi mtoto akiwa na miezi 16, anatembea. Aliyegundua ni baba. Alikuwa amerudi kutoka dago, amekaa pwani anashona nyavu, mtoto anakimbia kwenye mchanga maji yanapotoka. Akaziona nyayo: za kushoto kamili, za kulia ukingo wa nje tu, kisigino hakijagusa. Walikuja na ndala za mtoto pia, ya kulia imelika upande mmoja. Kwenye kitanda tulikuta wayo wa mbele umeanza kurudi ndani, na mguu haupandi hata kufika usawa. Akitembea, wayo ulijigeuza juu kila alipounyanyua.

Hapo ndipo ile sentensi ya faili inapoandikwa. Mama alikuwa tayari kuipokea. Alikaa kitako ameinamisha kichwa kabla hajaulizwa kitu. Badala yake mwenzangu aliuliza swali ambalo natamani lichapwe kwenye kila fomu ya mguu kifundo: "Usiku mtoto analala na nani?"

Analala na bibi. Baba akiwa dago hela ya nyumbani haitoshi, basi mama alianza kukaanga samaki na mihogo jioni njiapanda, anarudi saa nne au saa tano usiku. Alianza kazi hiyo mtoto alipokuwa na miezi kumi hivi. Tazama jinsi mambo mawili yalivyokutana. Matibabu yalikwishahamia usiku, na sasa usiku wa mtoto ukahamia kwa mtu mwingine. Bibi alikuwepo siku zote za plasta. Siku viatu vilipofundishwa hakuwepo, alikuwa msibani Pangani. Alipokabidhiwa mtoto alipewa na viatu, na maneno mawili tu, "mvalishe akilala."

Alimvalisha. Mtoto alilia, bibi akaona mkanda umebana, akaulegeza. Mkanda ukilegea kisigino hakikai chini ya kiatu, kinapanda na kushuka kila mtoto anapopiga teke, na ngozi inachubuka. Watu wengi, hata wahudumu, hudhani lengelenge ni la kiatu kubana. Mara nyingi ni la kiatu kulegea. Bibi alipoona lengelenge akalegeza zaidi, likawa kidonda, akavua kabisa ili kipone. Hicho ndicho mtu mwenye huruma angefanya. Kidonda kilipopona viatu vilikuwa vimeshakuwa vidogo, vidole vinatokeza mbele na kukunjika. Na jambo la tatu, ambalo bibi alilisema mwenyewe: hakuona maana ya kuufunga mguu mzima. "Huu wa kushoto umekosa nini?" Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mguu mzima ndio unaoushikilia ule mwingine, fimbo bila kiatu cha pili haina pa kuegemea, na wayo unazunguka unavyotaka.

Kuhusu tarehe walizokosa, nauli ya kutoka Tongoni kwa watu wawili, pamoja na biashara ya jioni kulala, ilikuwa inamla mama faida ya siku kadhaa. Mtoto anatembea, hajambo. Ungeulizwa weye, ungekwenda?

Kurudia

Mguu uliorudi kupinda katika umri huu hauhitaji upasuaji mkubwa, na hili wazazi walisikie kwa sababu aibu na hofu huwafanya wachelewe. Hurudiwa njia ileile. Tulifunga mahogo matatu, kila moja wiki mbili, wayo ukarudi nyuzi 60 na mguu ukapanda tena nyuzi 15 bila kano kukatwa mara ya pili. Mtoto wa miezi 16 kwenye hogo ni kazi ngumu, anataka kutembea na anatembea, hogo moja lilipasuka gotini ikabidi lifungwe upya.

Siku ya viatu vipya tulimwita bibi kwanza. Mama alikaa pembeni. Bibi ni mtu wa mikono, tulimfundisha kwa mikono: kunja goti la mtoto, sukuma kisigino chini mpaka kiguse soli, funga mkanda wa kifundo kabla ya kamba, kisha chungulia kwenye tundu la nyuma ya kiatu. Ukikiona kisigino kimekaa chini, sawa. Usipokiona, fungua uanze upya. Vuta mguu kidogo. Ukitoka, mkanda umelegea. Soksi za pamba, zisizo na mshono kisiginoni. Wekundu unaoondoka baada ya muda mfupi ni wa kawaida. Unaobaki, au wa juu ya kisigino, ni wa kuletwa kliniki mapema. Usipake mafuta. Hilo la mafuta lilimuuma kidogo.

Mtoto aliyekwishazoea uhuru hulia siku za kwanza, na kilio kile ndicho huwashinda wengi. Dawa yake ni kumfundisha kwamba miguu miwili inaweza kwenda pamoja: unashika fimbo, unayakunja na kuyanyoosha magoti yote kwa wakati mmoja, mpaka akome kupiga teke mguu mmoja mmoja. Bibi aliipa wimbo wa kubembelezea. Usiku wa nne, kwa maelezo yake, mtoto alianza kuipiga fimbo mwenyewe kitandani na kucheka.

Tulibadili na mambo mawili upande wetu. Kipimo cha kiatu kinachukuliwa sasa kwa picha ya simu, vidole vikiwa juu ya rula, mama anaituma, na kiatu kikiwa kidogo kinaandaliwa kabla hajapanda gari. Na namba ya simu iliyo kwenye faili ni ya anayelala na mtoto. Wenzangu waliona jambo hili dogo. Si dogo.

Mtoto sasa amepita miaka mitatu. Anachuchumaa visigino vyote viwili vikiwa chini, na hapa pwani hicho ni kipimo kikubwa: chooni, kwenye mkeka, na siku atakapoanza kuswali akae tahiyatu bila taabu. Muundi wa kulia ni mwembamba kuliko wa kushoto na kiatu cha kulia ni kidogo kidogo. Vitabaki hivyo, na familia inajua. Mara chache akichoka wayo hujigeuza ndani anapounyanyua. Tunaifuatilia dalili hiyo kwa karibu. Ikizidi, dawa yake ni kuhamisha kano moja ya mbele ya mguu kuipeleka upande wa nje, upasuaji mdogo unaofanyika mtoto akishapita miaka miwili na nusu, baada ya plasta chache za kuandaa. Kwa hilo tutampeleka Dar es Salaam, na bibi ameshauliza atakaa hospitali siku ngapi.

Mama ana mimba nyingine. Ndugu wa mtoto mwenye mguu kifundo ana uwezekano zaidi wa kuzaliwa nao, karibu asilimia 3, maana yake watoto 97 kati ya 100 huzaliwa bila neno. Tumekubaliana kwamba mguu utapimwa zahanati siku ya kuzaliwa, na ukigoma mkononi wataletwa wiki ya kwanza au ya pili, arobaini ikiendelea, kwa bajaji ya kutoka mlangoni mpaka mlangoni. Viatu vya usiku vya kaka yake vinaendelea, na saizi inayofuata imeshaagizwa kwa fundi.